Pensheni ya Ualimu wa Texas na Mafao ya Social Security: Niliyoyajua Nikiwa Nimechelewa

Mwezi Agosti 2022, nilipotimiza miaka 66 na miezi minne, nilikwenda katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii ya serikali kuu ya Marekani, hapa Houston, nikiwa na bahasha ya nyaraka zangu na hesabu niliyoiandika kwa penseli nyuma ya taarifa ya michango. Hesabu ile ilisema kwamba juu ya pensheni yangu ya ualimu ningepata takriban dola 920 kila mwezi kutoka Social Security, jina ambalo sote tulio huku tunalitumia hata tunapozungumza Kiswahili. Karani aliyenihudumia, mama mpole mwenye miwani, aliuliza swali moja tu: je, nilikuwa nikipokea pensheni kutoka kazi ambayo haikukatwa mchango wa Social Security? Nikajibu kuwa ndiyo, nilikuwa mwalimu wa shule ya umma. Akabonyeza vitufe kidogo, akageuza skrini yake ili nione, na tarakimu iliyokuwa pale ilikuwa 420.

Sikudanganywa na mtu. Onyo kuhusu jambo hilo lilikuwa limechapwa katika ukurasa wa pili wa taarifa niliyokuwa nikiipokea, na mimi, mwalimu wa hisabati niliyewafundisha watoto wa watu kusoma swali hadi mwisho kabla ya kuanza kukokotoa, sikuwahi kufika ukurasa wa pili. Ninaandika makala hii kwa ajili ya ndugu zangu wanaofanya kazi serikalini katika majimbo ya huku, na kwa wale waliokuja wakiwa tayari na pensheni ya nyumbani, kwa sababu mwaka 2025 sheria ilibadilika kwa kiasi kikubwa, lakini nimegundua kwamba wengi wameelewa nusu tu ya mabadiliko hayo.

Nianze na mazingira yenyewe. Niliingia Marekani mwaka 1985, na kwa miaka 12 nilifanya kazi za kila namna: nilifua mashuka hospitalini, nikakaa mapokezi ya hoteli usiku, kisha nikawa msaidizi wa mhasibu katika duka la vigae. Katika kazi zote hizo, hati yangu ya mshahara ilionesha makato ya Social Security, ambayo kwa sehemu ya mfanyakazi ni asilimia 6.2, na mwajiri hulipa kiasi hichohicho. Mwaka 1997 nilipata leseni na kuanza kufundisha. Makato yale yakatoweka katika hati yangu, na mahali pake pakaja mchango wa mfuko wa walimu wa jimbo, unaojulikana kwa kifupi kama TRS, ambao leo humkata mwalimu asilimia 8.25. Wilaya nyingi za shule za Texas haziko katika Social Security, na hali hiyo iko pia kwa walimu wa majimbo kama California, Illinois, Ohio, Massachusetts na Louisiana, pamoja na polisi na wazima moto wa baadhi ya miji. Nilifundisha miaka 21, nikastaafu mwaka 2018. Kikokotoo cha TRS ni chepesi kukielewa: asilimia 2.3 kwa kila mwaka wa utumishi, mara wastani wa mishahara mitano mikubwa. Miaka yangu 21 ilinipa asilimia 48.3 ya wastani wa dola 54,000, yaani dola 2,173 kwa mwezi.

Tatizo lilikuwa katika kikokotoo cha upande wa pili. Social Security haimpi kila mtu uwiano sawa wa alichochangia, kwani iliundwa ili imbebe zaidi mwenye kipato kidogo. Huchukua mapato ya miaka 35 iliyo bora, huyapandisha thamani kulingana na ukuaji wa mishahara nchini, huyagawa kupata wastani wa mwezi mmoja, kisha hulipa asilimia 90 ya sehemu ya kwanza ya wastani huo, asilimia 32 ya sehemu inayofuata na asilimia 15 ya iliyobaki. Kwa sisi tuliotimiza miaka 62 mwaka 2018, sehemu ya kwanza iliishia dola 895. Mtu aliyefanya kazi miaka 12 tu ndani ya mfumo ana miaka 23 ya sifuri katika hesabu hiyo, kwa hiyo wastani wake unakuwa mdogo na mashine humwona kama maskini wa maisha yake yote, hali ya kuwa katika miaka hiyo ya sifuri alikuwa akilipwa mshahara na kujijengea pensheni mahali pengine. Wastani wangu ulikuwa dola 950. Asilimia 90 ya 895 na asilimia 32 ya zile 55 zilizobaki zinafanya dola 823, kabla ya nyongeza za kila mwaka za kupanda kwa bei.

Bunge la Marekani liliona mwanya huo mwaka 1983 na kutunga kanuni iliyokuja kujulikana kwa herufi zake tatu, WEP. Kanuni hiyo ilishusha ile asilimia 90 hadi 40 kwa mtu mwenye pensheni ya kazi isiyochangia. Kwangu mimi, dola 823 zikawa 375. Aliyekuwa na miaka 30 ya mapato ya kutosha ndani ya Social Security hakuguswa kabisa, aliyekuwa na miaka kati ya 20 na 30 aliguswa kwa kiwango kilichopungua mwaka hadi mwaka, na sisi wa chini ya miaka 20 tulikatwa kikamilifu. Nitasema jambo ambalo wastaafu wenzangu hawapendi kulisikia: kanuni ile haikuwa ya kiwendawazimu. Ilikuwa na hoja. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa butu, kwa sababu ilimkata mwalimu mwenye pensheni nono na msaidizi wa darasa kwa mkasi uleule, na wengi waliijua siku ya kudai mafao, wakati ambapo hakuna mtu anayeweza kurudi nyuma na kupanga upya miaka 20.

Kanuni ya pili, GPO, ilitangulia kwa miaka kadhaa, kwani ilitokana na sheria ya mwaka 1977, na nadhani ndiyo iliyoumiza zaidi. Hii haikuhusu mafao yako mwenyewe bali mafao unayoyapata kupitia mwenzi wako aliye hai au aliyefariki. Walichukua theluthi mbili za pensheni yako ya serikali na kuziondoa katika mafao hayo. Theluthi mbili za pensheni yangu ni dola 1,449. Mjane ambaye mumewe alimwachia mafao ya dola 1,300, naye ana pensheni kama yangu, alipata sifuri. Hapa Texas kulikuwa na ujanja maarufu: mwalimu alifundisha miaka 30, kisha siku yake ya mwisho kabisa kazini akaajiriwa katika wilaya nyingine iliyo ndani ya Social Security, akafagia sakafu au kusaidia jikoni kwa siku moja, na kwa siku hiyo moja akaepuka GPO. Maelfu ya walimu walifanya hivyo, hadi sheria ya mwaka 2004 ikauziba mlango na kudai miezi 60 badala ya siku moja. Bado ninakutana na watu wanaoniuliza kuhusu ufagio ule.

Kuna kundi ambalo halizungumzwi sana, nalo ni letu hasa. WEP haikuishia kwenye pensheni za Marekani. Iligusa pia pensheni kutoka nje, ikiwa ilitokana na kazi isiyochangia Social Security, na kazi ya serikali ya Tanzania au Kenya ni kazi ya namna hiyo. Rafiki yangu mmoja alitumikia wizara nyumbani hadi alipostaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, akaja huku kwa wanawe, akafanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka 11. Pensheni yake ya nyumbani, ambayo sasa hulipwa na PSSSF tangu mifuko ile ya zamani ilipounganishwa mwaka 2018, aliitaja katika fomu kwa uaminifu, na akakatwa. Kilichomwokoa ni kifungu kilichosema kwamba makato ya WEP hayawezi kuzidi nusu ya pensheni yenyewe, na kwa kuwa pensheni yake ikigeuzwa kuwa dola haikufika 200, makato yake hayakuweza kufika 100. Wapo waliochagua kutoitaja pensheni ya nyumbani. Siwahukumu, lakini fomu ile hutiwa saini kwa kiapo, na malipo yaliyozidi hudaiwa hata baada ya miaka mingi. Pia ifahamike kwamba Marekani ina makubaliano ya kuunganisha miaka ya michango na nchi kadhaa, nyingi zikiwa za Ulaya, lakini haina makubaliano hayo na nchi yoyote ya Afrika. Miaka yako ya utumishi Dodoma au Nakuru haihesabiwi hapa hata siku moja.

Tarehe 5 Januari 2025, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyofuta WEP na GPO zote mbili, na kuzifuta kwa kurudi nyuma hadi mafao ya mwezi Januari 2024. Mwishoni mwa Februari 2025 malimbikizo yakaanza kuingia katika akaunti za watu, na kufikia Julai mwaka huohuo malipo zaidi ya milioni 3.1 yenye jumla ya dola bilioni 17 yalikuwa yamekwishatolewa. Mimi nilipata mkupuo wa takriban dola 7,900 kwa miezi 14, na mafao yangu ya kila mwezi, ambayo kwa nyongeza za bei yalikuwa yamefika dola 484, yakawa 1,060 kabla ya kukatwa ada ya Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali kuu. Rafiki yangu wa wizarani naye akarudishiwa chake, kwa kuwa kufutwa kwa WEP kunahusu pensheni za nje vilevile.

Sasa nije kwenye ile nusu ambayo haijaeleweka, na nianze na kosa langu mwenyewe. Mke wangu ni muuguzi mstaafu wa hospitali binafsi, amechangia Social Security maisha yake yote, na mafao yake ni dola 2,100. Niliposikia GPO imefutwa, nilipiga hesabu ya haraka: nusu ya mafao yake ni 1,050, basi nitaongezewa 1,050 juu ya 1,060 zangu. Hata nilishamwambia mwanangu kwamba tutakwenda Tanga mwaka ule. Hesabu yangu ilikuwa na kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Ndani ya Social Security kwenyewe kuna kanuni ya zamani, ambayo haikufutwa na haihusiani na pensheni za serikali, kwamba mtu halipwi mafao yake na ya mwenzi wake yote mawili kwa ukamilifu. Hulipwa yake kwanza, kisha huongezewa tofauti ikiwa sehemu ya mwenzi ni kubwa zaidi. Zangu ni 1,060, sehemu ya mwenzi ni 1,050, tofauti ni sifuri. Anayefaidika kwa kufutwa kwa GPO ni yule ambaye hana mafao yake mwenyewe au anayo madogo sana, mathalani mwalimu aliyefundisha maisha yake yote bila kuchangia, ambaye sasa anaweza kupokea pensheni yake ya jimbo nzima na juu yake hadi nusu ya mafao ya mwenzi, au mafao kamili ya mwenzi aliyefariki. Safari ya Tanga tulikwenda, lakini kwa mkupuo wa WEP.

Jambo lililonisikitisha kuliko yote lilimpata mjane mmoja wa jumuiya yetu ambaye sote tunamwita Shangazi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alifariki mwaka 2019, na mafao ambayo mjane wake angestahili yalikuwa kama dola 1,300. Shangazi alikuwa mwalimu mwenye pensheni inayolingana na yangu, na wenzake walimwambia asijisumbue kuomba, kwa kuwa GPO ingeyala yote. Kwa wakati ule walikuwa sahihi kuhusu kiasi, lakini walikosea kuhusu kuomba. Mtu aliyewahi kuomba, akakubaliwa na kupewa sifuri, alikuwa tayari na jina katika mfumo, na sheria ilipobadilika alilipwa bila kufanya lolote, tangu Januari 2024. Ambaye hakuwahi kuomba alipaswa kuwasilisha ombi jipya, na ombi jipya la mtu aliyefikisha umri kamili wa kustaafu hurudi nyuma kwa kawaida miezi sita tu. Nilimpigia simu Januari ile ya 2025.

"Mwalimu, serikali inajua nilipo," alinijibu. "Pesa ikiwepo wataileta."

Aliwasilisha ombi lake Septemba 2025, baada ya binti yake kuingilia kati, na akalipwa kuanzia Machi. Angelipeleka Januari, angelipwa kuanzia Julai 2024. Miezi minane ya dola 1,300 ni dola 10,400, ambazo hakuna barua ya rufaa itakayozirudisha. Kwa hiyo, kama unamjua mwalimu, polisi au mfanyakazi wa jiji aliyestaafu ambaye amefiwa na mwenzi, au ambaye mwenzi wake anapokea Social Security, muulize leo kama amewahi kuomba. Usimuulize kama anastahili, kwa sababu atakujibu alichoambiwa miaka kumi iliyopita. Ombi la mafao ya mjane au mgane haliwasilishwi kwa intaneti. Ni kwa simu au kwa miadi ofisini, na huhitaji cheti cha ndoa na cheti cha kifo.

Kuhusu kodi, sitakaa sana. Hadi asilimia 85 ya mafao ya Social Security inaweza kuingia katika kipato kinachotozwa kodi ya serikali kuu, na mtu mwenye pensheni ya serikali juu yake huvuka viwango vile bila shida, kwani vinaanzia dola 25,000 kwa asiye na mwenzi na dola 32,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Aliyepokea mkupuo mwaka 2025 alipata hati inayoonesha ni kiasi gani kilikuwa cha mwaka 2024, na sheria ya kodi inamruhusu kuikokotoa sehemu hiyo kana kwamba aliipokea mwaka 2024, ikiwa kufanya hivyo kunampunguzia kodi. Mtayarishaji wa kodi mwenye haraka huruka hatua hiyo, kwa hiyo mwambie. Mwenye kipato cha juu azingatie pia kwamba ada ya Medicare hupangwa kwa kuangalia kipato cha miaka miwili nyuma, hivyo mkupuo wa 2025 unaweza kuonekana katika ada ya 2027.

Kwa walio bado kazini, ushauri wangu wa kwanza ni kusoma hati ya mshahara na kuangalia kama kuna mstari wa Social Security. Wengi hudhani upo kwa sababu wanaona mstari wa Medicare, ambayo ni asilimia 1.45 na hukatwa kwa karibu kila aliyeajiriwa na serikali za majimbo baada ya Machi 1986. Ni mistari miwili tofauti. Kama hauko ndani ya Social Security, tambua kwamba kufutwa kwa WEP hakukupi mafao ambayo hukuyachangia. Bado unahitaji pointi 40, ambazo hupatikana nne tu kwa mwaka, na mwaka 2025 kila pointi ilihitaji mapato ya dola 1,810. Nimekutana na mwalimu mwenye pointi 33 aliyekuwa amekata tamaa, kumbe alihitaji pointi saba, yaani kazi ndogo ya likizo za kiangazi kwa miaka miwili, yenye mapato ya dola elfu saba na kitu mwaka wa kwanza na elfu tano na kitu mwaka wa pili. Zamani ningemwambia kwamba WEP ingeyafanya mafao hayo kuwa kiduchu. Leo asilimia 90 ile inamhusu kama inavyomhusu mtu mwingine yeyote, na pointi saba zile ni miongoni mwa kazi zinazolipa vizuri zaidi atakazowahi kufanya.

Pili, angalia rekodi ya mapato yako mwaka baada ya mwaka katika akaunti yako ya mtandaoni ya Social Security, na hasa wewe mwenye jina la kwetu. Jina langu la kati ni la babu, na mwajiri mmoja wa miaka ile ya themanini aliligeuza kuwa jina la ukoo, kwa hiyo mapato yangu ya mwaka mzima yalikaa mahali pasipojulikana. Nilikuwa nimetunza fomu ya W-2, yaani taarifa ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka ule, katika kopo la biskuti, pamoja na picha za harusi, na hiyo ndiyo iliyonisaidia. Muda wa kawaida wa kusahihisha rekodi ni miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika, na baada ya hapo kuna mazingira maalumu tu yanayokubaliwa, likiwemo hilo la mwajiri ambaye taarifa zake hazikuingia.

Tatu, usiitoe michango yako ya TRS unapohama kazi, ikiwa umefikisha miaka mitano inayokupa haki ya pensheni. Vijana wengi huichukua ili kununua gari au kupeleka nyumbani kujenga, na ninaelewa kishawishi hicho, lakini sasa ambapo pensheni ya jimbo haipunguzi tena Social Security, pensheni ndogo ya miaka sita ni faida tupu. Pamoja na hilo, usiiegemee pensheni ya jimbo peke yake. Tangu nistaafu mwaka 2018, Social Security imepandishwa kila mwaka kufuatana na bei, ikiwemo asilimia 5.9 kwa mwaka 2022 na asilimia 8.7 kwa mwaka 2023. TRS haina nyongeza ya lazima. Wapiga kura wa Texas waliidhinisha moja Novemba 2023, na kundi langu likapata asilimia 2. Mchele wa Houston haujui kwamba mimi nilikuwa mwalimu.

Wala usiichukulie sheria hii mpya kama kitu kilichochongwa kwenye jiwe. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba kufuta kanuni hizo kutagharimu karibu dola bilioni 196 kwa miaka kumi, na ripoti ya wadhamini wa mfuko ya mwaka 2025 inaonesha kwamba akiba ya mfuko wa wazee itaisha mwaka 2033, na baada ya hapo michango inayoingia itatosha kulipa asilimia 77 tu ya mafao, Bunge lisipochukua hatua. Aliye na miaka 40 leo akokotoe kwa tarakimu mbili, moja ikiwa na mafao kamili na nyingine ikiwa na robo yake imeondolewa, na aweke akiba kwa ile ya pili.

Nimeacha mwisho kosa ambalo bado sijapata dawa yake. Siku ya kustaafu, TRS humpa mwalimu uchaguzi: achukue pensheni kubwa zaidi inayokoma siku anapofariki, au achukue iliyopunguzwa ambayo baada yake itaendelea kumlipa mwenzi, yote au sehemu yake. Mimi nilichukua kubwa. Nilijiambia kwamba mke wangu ana mafao yake, na kwamba nikiondoka atabaki pia na yangu ya Social Security. Kwa kanuni ileile niliyoieleza juu, hatabaki nayo, kwa kuwa mjane hulipwa yaliyo makubwa kati ya mawili, na yake ni makubwa kuliko yangu. Maana yake ni kwamba nyumba inayoingiza leo zaidi ya dola 5,300 kwa mwezi, nikitangulia mimi, itaingiza 2,100. Akitangulia yeye, mimi nitapokea pensheni yangu na mafao yake ya 2,100 mahali pa yangu, jambo ambalo GPO ingelizuia na sasa halizuiwi. Sheria mpya imeniongezea ulinzi mimi, wala haijamwongezea yeye chochote.

Tangu tuligundue hilo, ongezeko lote la dola 576 tunaliweka katika akaunti iliyo kwa jina lake, na nimekata bima ndogo ya maisha kwa bei ya mzee wa miaka 69, ambayo ni bei mbaya. Wewe ambaye hujatia saini fomu ya kustaafu bado una nafasi ya kukaa mezani na mwenzi wako, mkiwa na taarifa zote mbili, na kuandika kwenye karatasi nyumba itaingiza kiasi gani akitangulia huyu, na kiasi gani akitangulia yule. Sisi tuliiandika karatasi hiyo mwaka 2025, miaka saba baada ya saini yangu kukauka.